Si mwendo unaoumiza, ni kusimama ghafla: Fizikia katika viwanja vya Machakos

DESEMBA 17, 2017, fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA kati ya Kenya na Zanzibar ilichezwa katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos na kumalizika kwa sare ya mabao 2-2 hata baada ya muda wa ziada. Ikabidi mshindi atafutwe kwa mikwaju ya penalti. Mlinda lango wa Harambee Stars, Patrick Matasi, alizuia mikwaju mitatu, na Kenya ikatwaa taji hilo kwa mara ya saba kwa ushindi wa penalti 3-2.

Sifa zilimwendea kipa, na alizistahili. Hata hivyo, kuna swali ambalo matokeo hayo hayalijibu. Je, mpira unaofyatuliwa kwa nguvu zote kutoka umbali wa mita 11 husimamishwaje na mikono ya binadamu bila kuivunja?

Jibu lake ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Ndilo linaloeleza kwa nini mchezaji mmoja huanguka na kuinuka akicheka, ilhali mwingine aliyeanguka kutoka kimo kile kile hubebwa kwa machela. Ndilo pia linaloeleza kwa nini shimo la mchanga la kurukia lisilochimbuliwa ni hatari, na kwa nini mchezaji wa raga aliyegongwa kichwani hafai kurudishwa uwanjani hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba yuko salama.

Momenta ni nini?

Kila kitu kinachotembea hubeba kiasi fulani cha mwendo ambacho wanafizikia hukiita momenta. Kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, kwa kasi ya kitu hicho. Kitu kizito kinachokwenda polepole kinaweza kuwa na momenta sawa na kitu chepesi kinachokwenda mbio.

Watoto wengi nchini Kenya waliujua ukweli huu kabla ya kuingia darasani. Wengi wao walianza soka kwa mpira wa juala, uliofungwa kwa mifuko, matambara na kamba. Mpira huo ni mwepesi, hivyo hata ukipigwa kwa kasi hubeba momenta ndogo, na upinzani wa hewa huumaliza mwendo wake upesi. Mpira rasmi wa soka, ambao kanuni za mchezo zinataka uwe na gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, husafiri mbali zaidi na humgonga mtu kwa kishindo zaidi.

Tuchukue mpira wa gramu 430 uliopigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa. Kasi hiyo ni ya kawaida kwa mpigaji penalti hodari. Momenta yake ni 0.43 mara 25, yaani takriban 10.75. Kwa kasi hiyo mpira hufika langoni katika muda wa sekunde 0.44, na karibu nusu ya muda huo hupotea kabla ya mwili wa kipa kuanza kuitikia kile ambacho macho yameona. Ndiyo maana makipa wengi huamua upande wa kurukia kabla mpira haujapigwa.

Kuna jambo jingine ambalo timu iliyotoka pwani huenda ikakutana nalo mjini Machakos. Mji huo upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba ikilinganishwa na ile ya Unguja. Hewa nyepesi huuzuia mpira kwa kani ndogo zaidi. Katika umbali wa penalti tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini mkwaju wa kutoka katikati ya uwanja hufika ukiwa na kasi zaidi kuliko ambavyo angetarajia mchezaji aliyezoea viwanja vya pwani.

Jicho hudanganya

Wakazi wa Machakos hawahitaji kuambiwa kwamba jicho si shahidi wa kutegemewa katika mambo ya mwendo. Katika barabara ya Kyamwilu, karibu na mlima Kituluni, maji yaliyomwagwa huonekana yakipanda kilima, na gari lililozimwa injini huonekana likijongea kuelekea juu. Sehemu za aina hiyo hupatikana katika nchi nyingi. Maelezo ya kisayansi ni kwamba sura ya ardhi inayozizunguka huficha upeo wa macho, na mteremko mdogo huonekana kana kwamba ni mwinuko. Maji hayajaasi mvutano wa dunia. Ni macho yaliyokosa kipimo.

Uwanjani nako jicho hufanya kosa la namna hiyo. Mtazamaji huuona mwendo, na kwa hivyo hudhani kwamba mwendo ndio hatari. Humwogopea mkimbiaji anayekwenda kasi, na hupiga yowe mpira unapopita kama risasi. Lakini mwendo wenyewe haumdhuru mtu. Abiria wa ndege husafiri kwa kasi ya zaidi ya kilomita 800 kwa saa akinywa chai kwa utulivu. Madhara huja pale mwendo unapokoma, na ukubwa wake hutegemea mwendo huo umekoma kwa muda gani.

Hesabu ya Newton

Mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, alichapisha sheria zake tatu za mwendo mwaka wa 1687. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya, sheria hizo zimekuwa zikifundishwa katika kidato cha tatu, na wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani bila kuzihusisha na uwanja wa michezo ulio nje ya dirisha la darasa.

Sheria ya kwanza inasema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachotembea huendelea kutembea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, mpaka kani ya kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Kani ni msukumo au mvuto wowote: teke la mguu, mkono wa kipa, msuguano wa nyasi au mvutano wa dunia.

Sheria ya pili ndiyo kiini cha maelezo haya. Inasema kwamba kani inayohitajika ni sawa na mabadiliko ya momenta yakigawanywa kwa muda uliotumika kuyaleta. Muda ukiwa mfupi, kani huwa kubwa. Muda ukirefushwa mara tano, kani hupungua hadi moja ya tano.

Sheria hiyo inafanana na ulipaji wa deni. Deni la shilingi 10,000 ni lile lile, liwe limelipwa kwa mkupuo au kwa awamu. Anayelilipa kwa mkupuo hutikisika siku hiyo hiyo, ilhali anayelilipa kidogo kidogo huimaliza kazi ile ile bila kuyumba. Momenta ni deni ambalo kila kinachotembea ni lazima kililipe kabla ya kusimama, na hakuna anayesamehewa hata senti moja. Analoweza kuchagua mchezaji ni muda wa kulilipa.

Sheria ya tatu inasema kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Mguu unapoupiga mpira, mpira nao huupiga mguu kwa kani ile ile.

Mikono ya kipa

Turudi kwenye mpira wa penalti wenye momenta ya 10.75. Mguu wa mpigaji hugusana na mpira kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kugawanya, wastani wa kani hupatikana kuwa niutoni 1,075, karibu sawa na uzito wa mtu wa kilo 110 akiwa amesimama juu ya mguu huo. Mchezaji haumii kwa sababu mpira wenyewe hubonyea, na pia kwa sababu misuli na mifupa ya mguu ina uwezo wa kuhimili kani hiyo kwa muda huo mfupi.

Kipa akiuzuia mpira huo kwa mikono iliyokakamaa kama ukuta, hukabiliwa na kani ya kiwango hicho hicho, na zaidi ikiwa mpira utarudi ulikotoka. Kipa aliyefunzwa vyema hukunja viwiko na kuiachia mikono irudi nyuma kidogo pamoja na mpira. Muda wa kuusimamisha ukirefuka kutoka sekunde 0.01 hadi sekunde 0.05, kani hushuka kutoka niutoni 1,075 hadi niutoni 215. Mpira ni ule ule na mkwaju ni ule ule, ila vidole vimebeba moja ya tano tu ya mzigo.

Kiungo anayetuliza mpira kwa kifua hufanya vivyo hivyo anapokirudisha kifua nyuma wakati mpira unapotua. Mchezaji wa netiboli huuvuta mpira kuelekea mwilini anapoudaka. Glovu za kipa, pedi za mchezaji wa kriketi na kofia ya mwendesha baiskeli, vyote vina kazi hiyo moja ya kuongeza sehemu ndogo ya sekunde kabla ya mwendo kukoma.

Aliye juu mngoje chini

Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Katika michezo ya kuruka, fizikia huuliza atafikaje huko chini.

Wakamba wana sifa ya tangu kale ya ngoma zenye sarakasi, ambapo wachezaji huruka na kujipindua hewani kwa midundo ya ngoma kabla ya kutua kwa miguu. Anayewatazama kwa makini ataona kwamba hakuna anayetua akiwa amenyoosha magoti. Kila mmoja hutua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, kisha magoti na nyonga hukunjwa kwa mfuatano. Wachezaji hao hawakungojea kitabu cha fizikia ili wajue siri hiyo, bali miili yao iliwafundisha.

Hesabu inawaunga mkono. Mtu wa kilo 60 anayeshuka kutoka kimo cha mita moja hufika ardhini akiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde. Akitua kwa miguu iliyonyooka na kusimama kwa sekunde 0.05, ardhi humsukuma kwa kani inayokaribia mara kumi ya uzito wake. Akikunja magoti na kurefusha muda huo hadi sekunde 0.25, kani hushuka na kuwa chini ya mara tatu ya uzito wake. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya goti zima na goti lililochanika kano.

Ardhi yenyewe nayo ina sehemu yake. Nyasi laini na udongo wenye unyevu hubonyea, na kubonyea huko ni muda. Udongo wa Ukambani hukauka na kuwa mgumu wakati wa kiangazi, na viwanja vingi vya shule havina nyasi za kutosha. Mtoto anayeangukia udongo wa aina hiyo mwezi wa Septemba hulipa deni lake kwa mkupuo, ilhali akiangukia uwanja ule ule baada ya mvua za Novemba hulilipa kwa awamu.

Historia ya mchezo wa kuruka juu inaonyesha jinsi mahali pa kutulia panavyoweza kuubadilisha mchezo wenyewe. Zamani warukaji walitua kwenye mchanga au vumbi la mbao, na kwa hivyo ilibidi waruke kwa namna itakayowawezesha kutua kwa miguu. Magodoro ya sponji yalipoanza kutumiwa, Mmarekani Dick Fosbury aliweza kuuvuka mwamba akiwa ametangulia kwa kichwa na mgongo, kisha kutua kwa mgongo. Kwa mtindo huo alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico mwaka wa 1968 kwa kuruka mita 2.24. Leo karibu warukaji wote wa kimataifa huutumia. Ni mtindo usiofaa kujaribiwa kamwe mahali pasipo na godoro nene, kwa kuwa mgongo na shingo havina magoti ya kukunja.

Momenta ina mwelekeo

Machakos imewatoa wanariadha wa mbio ndefu walioitikisa dunia. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda mbio za marathoni za Boston mara tatu mfululizo, mwaka wa 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, anayetoka eneo la Tala, aliweka rekodi mpya ya dunia mjini Berlin mnamo Septemba 25, 2011 kwa muda wa saa 2:03:38. Aliipunguza kwa sekunde 21 rekodi iliyokuwa imewekwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia mwaka wa 2008 kwenye barabara hizo hizo za Berlin.

Katika mbio hizo za 2011, Gebrselassie alikuwa akimfuata Makau unyounyo. Baada ya kilomita ya 25, Makau alianza kukimbia kwa kupinda, mara huku mara kule, ili kumbandua mpinzani wake. Muda mfupi baadaye Gebrselassie aliachwa nyuma, na rekodi yake ikaanguka.

Watazamaji waliona ujanja wa mbio, lakini ndani yake mlikuwa na somo la fizikia. Momenta ina ukubwa na pia ina mwelekeo. Mkimbiaji anayepinda hubadilisha momenta yake hata kama kasi yake haijapungua, na mabadiliko yoyote ya momenta hudai kani. Mkimbiaji wa kilo 57 mwenye kasi ya mita 5.7 kwa sekunde akipinda kwa pembe ya nyuzi 30, hulazimika kubadilisha momenta inayokaribia nusu ya ile aliyo nayo. Kani hiyo hutoka katika misuli ya miguu na msuguano wa kiatu na barabara. Anayemfuata nyuma kwa nyuma hulazimika kuitoa pia, tena bila kujua kona inayofuata itakuwa upande gani.

Hata anayekimbia katika mstari ulionyooka hana nafuu kamili. Kila mguu unapotua, ardhi humsukuma mkimbiaji kwa kani ya takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwa mwendo wa hatua 180 kwa dakika, marathoni ya saa 2:03:38 ina zaidi ya hatua 22,000. Tone moja halitoboi jiwe, lakini matone maelfu hulitoboa, na ndivyo mifupa ya miguu ya wakimbiaji wanaoongeza mazoezi haraka kupita kiasi inavyopata nyufa ndogo ndogo. Njia za vumbi za mashambani, ambazo wakimbiaji wengi wa Kenya huzipendelea kuliko lami, huiongezea kila hatua muda kidogo wa kutua.

Miili miwili inapogongana

Mji wa Machakos umewahi pia kuwakusanya mashabiki wa raga ya wachezaji saba kila upande katika mashindano ya Masaku, yaliyobeba jina ambalo mji wenyewe unatokana nalo. Katika mchezo huo, uliocheziwa Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Rio de Janeiro mwaka wa 2016, uwanja ni ule ule mkubwa wa wachezaji 15. Nafasi ya kukimbia ni kubwa, na migongano hutokea kwa kasi.

Mchezaji wa kilo 90 anayekimbia mita 8 kwa sekunde ana momenta ya 720. Mpinzani wa kilo 100 anayemjia kwa mita 4 kwa sekunde ana momenta ya 400 kuelekea upande wa pili. Wakishikana, momenta iliyobaki ni 320, na wote wawili husonga kuelekea alikokuwa akienda yule wa kwanza, kwa kasi ya karibu mita 1.7 kwa sekunde. Hivyo mchezaji mwepesi, kwa sababu ya kasi yake, anaweza kumrudisha nyuma aliye mzito kuliko yeye.

Ikiwa mgongano huo umechukua sekunde 0.2, wastani wa kani baina yao ni zaidi ya niutoni 2,800, karibu sawa na uzito wa kilo 290. Kwa mujibu wa sheria ya tatu ya Newton, wote wawili hupata kani ile ile. Hakuna aliyepiga bila kupigwa.

Lakini kani kuwa sawa si madhara kuwa sawa. Mvulana wa kilo 50 akigongana na mwenzake wa kilo 90, kasi ya yule mdogo hubadilika kwa karibu mara mbili ya mabadiliko ya yule mkubwa. Shingo yake, kichwa chake na mifupa ambayo bado inakua hutikiswa zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kisayansi ya kuwapanga wachezaji wa shule kwa kuzingatia maumbile yao na si darasa walilomo pekee. Wavulana wawili wa kidato cha kwanza wanaweza kuachana kwa kilo 40.

Ukabaji sahihi pia una fizikia ndani yake. Anayemkaba mwenzake kwa bega, chini ya kifua, huku kichwa chake kikiwa pembeni na miguu ikiendelea kusukuma, huufanya mgongano udumu kwa muda mrefu zaidi na huuelekeza kwenye misuli mikubwa. Anayekaba juu huvileta vichwa viwili mahali pamoja, na vichwa havibonyei.

Ubongo hauoni mlango

Kichwa ndipo mahali ambapo hesabu hizi hugeuka kuwa suala la uhai. Ubongo umo ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na majimaji. Fuvu linaposimamishwa ghafla, ubongo hufuata sheria ya kwanza ya Newton na kuendelea na safari yake hadi unapozuiwa na ukuta wa fuvu. Kichwa kinapozungushwa kwa ghafla, tishu za ubongo huvutika na kupindika. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kupata mtikisiko wa ubongo bila kuwa na jeraha lolote la nje, na hata bila kuzimia.

Mpira wa kichwa katika soka una hesabu yake pia. Mpira unaofika kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde na kurudishwa kwa mita 10 kwa sekunde hubadilisha momenta yake kwa 10.75, sawa na ule wa penalti uliosimamishwa na kipa. Mchezaji aliyekaza shingo hukiunganisha kichwa na kiwiliwili, na hivyo tungamo linaloupokea mpira huwa kubwa na kichwa hutikisika kidogo. Aliyegongwa bila kutarajia huupokea kwa kichwa pekee, chenye kilo tano hivi. Watoto wako katika hatari zaidi kwa kuwa misuli ya shingo zao haijakomaa.

Suala hili limechukuliwa kwa uzito ulimwenguni. Mshambuliaji wa zamani wa Uingereza, Jeff Astle, alipofariki dunia mwaka wa 2002, afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba kifo chake kilitokana na kazi yake ya soka, kwa sababu ya kupiga mipira mingi kwa kichwa. Mipira ya ngozi ya enzi yake ilinyonya maji ya mvua na kuwa mizito zaidi. Mwaka wa 2019, utafiti uliofanyika Glasgow uligundua kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Uskoti walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu zaidi wa kufariki kutokana na magonjwa ya kuzorota kwa ubongo, wakilinganishwa na watu wengine. Februari 2020, chama cha soka cha Uingereza kilitoa mwongozo wa kuondoa mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi.

Kuanzia Julai 1, 2024, kanuni za soka zinaruhusu mashindano kuwa na nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo. Katika raga ya jamii, kanuni ya shirikisho la dunia, World Rugby, ni kwamba mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo huondolewa mara moja na harudi uwanjani siku hiyo. Kurudi mapema ni kujiweka katika hatari ya pigo la pili kabla ubongo haujapona, na pigo hilo la pili, hata likiwa dogo, linaweza kuua.

Hatua zisizohitaji fedha nyingi

Shule nyingi haziwezi kununua magodoro ya kisasa wala kupanda nyasi za kiwango cha Uwanja wa Kenyatta. Lakini mengi yanayorefusha muda wa kusimama hayahitaji bajeti.

Kwanza, shimo la mchanga la kurukia lichimbuliwe kwa jembe kabla ya mazoezi na baada ya kila kundi la warukaji, kwa sababu mchanga ulioshindiliwa ni sawa na sakafu. Pili, mawe yaondolewe uwanjani, na mazoezi ya kuanguka na kukabana yafanyiwe pale palipo laini, au yaahirishwe hadi ardhi ipate unyevu. Tatu, nguzo za magoli zifungwe sponji au magunia yaliyojazwa kitu laini, na zichimbiwe imara ardhini.

Nne, watoto wafundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka na kukaba: kukunja magoti, kubingiria kwa bega badala ya kujizuia kwa mkono ulionyooka, na kuweka kidevu kifuani ili kichwa kisigonge ardhi. Mkono ulionyooka huvunjika kwa urahisi kwa sababu hulipa deni lote mahali pamoja. Kubingiria hulisambaza kwa mwili mzima.

Tano, na hili ndilo la lazima kuliko yote, mwalimu au kocha atazame dalili za mtikisiko wa ubongo: kuduwaa, kuyumba, kuumwa na kichwa, kutapika, kutokumbuka matokeo ya mechi au kuuliza swali lile lile tena na tena. Anayeonyesha hata dalili moja atolewe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini. Atakayelalamika kwamba timu itapungukiwa na mchezaji aelezwe kwamba mechi ijayo ipo, ila ubongo hauna mchezaji wa akiba.